Urahisi wa Mji na Kiu ya Miasenyi

Muhula uliopita chama chetu kiliandaa mjadala ambao mada yake kila msomaji wa jarida hili amepata kuijadili tangu shule ya msingi: "Maisha ya mjini ni bora kuliko maisha ya mashambani." Nilikuwa upande wa kupinga, nasi tukashindwa vibaya. Waliounga mkono hawakuhitaji methali wala tamathali. Walihesabu tu. Mjini ukifungua mfereji maji yanatoka. Ukibonyeza swichi taa inawaka. Ukitaka kusafiri unakata tikiti kwa rununu ungali kitandani. Ukisahau chumvi, duka liko chini ya ghorofa. Ukiugua usiku, teksi inafika kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Sisi wapinzani tuliwajibu kwa hewa safi, mboga zisizotiwa dawa na heshima kwa wazee. Ukumbi ukacheka. Ama kwa kweli nami nilicheka kidogo, kwani asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeoga maji ya bweni, tena ya moto, wala sikuwa na nia ya kuyaacha.

Iko kauli moja, hata hivyo, iliyonifuata hadi chumbani. Mwenzangu aliyefunga hoja za upande wa pili alisema: "Mji haumwombi mtu. Urahisi wake umejitengenezea wenyewe." Alipigiwa makofi, na mimi sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, japo limechelewa.

Nimelelewa Miasenyi. Wengi wa wasomaji wamepita pale bila kujua. Ni mahali padogo kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baada ya Mackinnon Road na kabla ya Maungu ukitoka pwani, katika eneo la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Wasafirio kwa basi huwa wamelala wakifika hapo. Wasafirio kwa garimoshi la kaunti huona kituo kikubwa cha kisasa kimesimama peke yake vichakani, husikia jina likitangazwa, kisha huulizana, "Hapa hushuka nani?" Mimi hushuka hapo.

Ningependa msomaji ashuke pamoja nami, walau katika mawazo, atazame kilichopo. Ardhi ni nyekundu na kavu. Kuna migunga, vichaka vya miiba, mbuyu mmoja hapa na mwingine kule. Kisha kuna vitu ambavyo havikuota hapo. Kuna barabara ya lami ambayo malori yake hayapumziki usiku wala mchana, yakichukua shehena ya bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Kuna reli ya zamani, iliyoanzwa kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kuna reli mpya, yenye urefu wa kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Kuna nguzo ndefu za umeme mkubwa zinazokwenda mstari mmoja hadi jicho lichoke. Yapo mambo mengine yaliyofukiwa: bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, ambalo moja ya pampu zake iko Maungu, jirani zetu, na nyaya za mawasiliano zinazopeleka bara ile intaneti iliyofika Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009, wakati nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga.

Hapana shaka msomaji ameanza kuona ninakoelekea. Kila urahisi alioutaja mwenzangu siku ile ya mjadala, taa, tikiti ya garimoshi, petroli ya teksi, hata ile intaneti aliyotafutia hoja zake, hupitia ukanda huu mwembamba wa nyika kabla ya kufika kwake. Yeye anauona mwisho wa safari. Sisi wa Miasenyi tunaiona safari.

Nimeacha kwa makusudi kitu kimoja ambacho ndicho kiini cha makala haya, nacho ni maji.

Magharibi yetu, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, iko chemchemi ya Mzima. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu haitengenezi mito huko juu, kwa sababu milima hiyo ni ya mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo. Maji huzama, husafiri chini ya ardhi kwa makumi ya kilomita huku yakichujwa, kisha huibuka Mzima yakiwa meupe pe, hata samaki na viboko huonekana wakipita chini. Takribani lita milioni 220 hutoka hapo kila siku. Katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita serikali ya kikoloni, ikiona mji wa Mombasa unapanuka na visima vyake havitoshi, ililaza bomba kutoka chemchemi hiyo hadi pwani, mwendo wa kilomita 220 hivi. Maji huteremka yenyewe kwa kufuata mwinamo wa nchi, yakapita Voi, yakapita Maungu, yakapita kwetu, yakashuka Mackinnon Road na Mariakani hadi matangi ya Mazeras, na kutoka hapo mjini. Bomba hilo lilibuniwa lipitishe takribani lita milioni 35 kwa siku, na mpaka leo ni mojawapo ya mishipa mikuu ya Mombasa.

Wala hayo si yote. Maji ya Mzima yasiyoingia katika bomba hutiririka hadi mto Tsavo. Mto Tsavo ukakutana na Athi ukawa Galana, ambao watu wa Malindi huuita Sabaki. Na kando ya Sabaki, pale Baricho, kuna visima ambavyo maji yake husukumwa hadi Malindi na Mombasa. Kwa hiyo Mombasa hunywa kutoka Mzima mara mbili: mara moja kwa bomba na mara ya pili kwa mto. Niligundua jambo hili nikiwa kidato cha tatu, katika ramani ya somo la jiografia, nikabaki nimeitazama kwa muda mrefu kuliko mwalimu alivyotaka.

Anayetaka kujua ukavu wa nchi ambayo bomba hili linaipita na asome habari za misafara. Nyika ya Taru ilikuwa tisho la wapagazi wote waliotoka pwani. Johannes Rebmann aliivuka mwaka 1848 alipokuwa njiani kwenda kuiona theluji ya Kilimanjaro. Joseph Thomson aliivuka mwaka 1883 akielekea Umaasaini. Kati ya Taru na vilima vya Taita msafara ulilazimika kukaza mwendo, kwa kuwa mahali pa kunywa palikuwa pachache mno, na Maungu palikuwa mojawapo. Hata waliojenga reli walipofika nyikani humo walilazimika kuletewa maji kwa garimoshi kutoka nyuma. Kwa karne nzima, basi, kila mgeni aliyepita kwetu alikuwa na swali moja tu: maji yako wapi? Jibu lililetwa katika miaka ya hamsini, likafukiwa chini ya miguu yetu, likaendelea na safari.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini hatuchoti kutoka katika bomba lile. Zipo sehemu ambapo mvua chache zetu, zinapokuja kwa fujo, hula udongo na kuliacha bomba likionekana mgongo kama nyoka aliyelala. Mama alinijibu kwa utulivu kabisa: "Yale ni ya wenyewe, mwanangu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema kwamba lile ni shamba la jirani. Nimekuja kuamini kwamba utulivu ule ndio unaopaswa kutushtua.

Tusidhani kwamba njia nzima ni kavu. Voi hupata maji ya Mzima, na vituo kadhaa njiani vimepewa viungo vya kutolea maji. Hata kwetu kulikuwa na kioski cha maji, na siku kilipofunguliwa foleni ilikuwa ndefu na yenye vicheko. Lakini kulikuwa na siku za kutoka na siku za kutotoka, na za kutotoka zilizidi. Hapo ndipo zilipoingia punda, baiskeli, mikokoteni na malori ya maji, na bei ya mtungi ikawa ni bei ya shida ya siku hiyo. Pakikosekana vyote hivyo ilibaki silanga, yaani bwawa la kukingia maji ya mvua, ambalo tulikunywa pamoja na ng'ombe, na usiku pamoja na ndovu. Katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 silanga lilikauka hadi matope yakapasuka vipande vipande, na ndovu wakaanza kufuata harufu ya maji hadi kwenye matangi ya watu. Sitaki kusimulia zaidi. Atakaye kujua jinsi mtoto anavyokwenda shuleni baada ya usiku kama huo na aje.

Foleni hiyo ya maji, nikiri, ilinipa kitu ambacho bweni haliwezi kunipa. Miasenyi tunakaa Wadawida, Wasagalla, Waduruma, Wakamba na wengineo, na kwenye foleni hakuna aliyekubali kupangwa kwa lugha ya mwenzake. Kiswahili changu nilikisomea hapo, kabla ya mwalimu yeyote. Nilijifunza kwamba maji ya kisimani hutekwa. Yakiwa yamebaki kidogo chini, huchotwa kwa kata. Mtungi hutwikwa kichwani kwa kusaidiwa na mwenzako, ukifika nyumbani hutuliwa, tena kwa kusaidiwa, usije ukaupasua. Nilijifunza zamu, nilijifunza kudai na kusihi. Mwanafunzi wa mjini ana kitenzi kimoja tu kwa shughuli yote hiyo: kufungua. Hii ndiyo maana halisi ya urahisi, nami siukejeli. Vitenzi vitano vimekuwa kimoja, na mama aliyekuwa akitumia nusu siku katika vitenzi hivyo amepewa nusu siku yake. Akipenda aifanyie biashara, akipenda alale. Asiyeuthamini urahisi wa namna hii hajawahi kubeba mtungi.

Tatizo ni kwamba neno letu lenyewe linatudanganya kidogo. Rahisi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kitu cha bei nafuu. Sisi tulilipokea kwa maana hiyo, ndiyo maana tunasema nguo rahisi na bei rahisi, kisha tukalipanua likawa kinyume cha gumu. Maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa muda mrefu hata tunazichanganya bila kujijua. Tukiona jambo limekuwa jepesi kwetu, twadhani halikumgharimu mtu. Maji ya mfereji wa Mombasa ni rahisi kwa maana ya pili. Kwa maana ya kwanza si rahisi hata kidogo: sehemu ya gharama yake hulipwa na mtu anayeyasikia yakipita.

Fikiria na neno mfereji. Wenzetu wa Tanzania husema bomba, neno lililotoka kwa Wareno, nasi wa Kenya tukachagua mfereji kwa kile kidude cha chuma ukutani kinachofunguliwa na kufungwa. Lakini mfereji kwa asili ni mtaro, njia yote ya maji tangu yanapoanza hadi yanapoishia. Katika matumizi yetu ya mjini tumeikata njia hiyo tukabakiwa na ncha yake. Tukisema "nyumba ina mfereji" tunamaanisha sentimita kumi za chuma. Kilomita 220 zilizosalia zimetoka katika neno. Mimi sipendekezi tubadilishe istilahi, kazi hiyo ina wenyewe na wana mikutano yao. Ninasema tu kwamba mwenzangu wa mjadala alikuwa akizungumzia zile sentimita kumi.

Nilimsomea rafiki yangu mmoja rasimu ya makala haya, yeye ni mzaliwa wa Mombasa, akakasirika kwa haki. "Mombasa gani unayoisema?" akaniuliza. Kwao Kisauni, alisema, mfereji uko ukutani lakini umekauka. Wanaoleta maji ni vijana wa mikokoteni, mitungi imepangwa juu kama matofali, na aliye na pesa amechimba kisima ambacho maji yake yana chumvi. Ni kweli. Mombasa yenyewe ina kiu. Vyanzo vyake vyote vikijumlishwa, Mzima, Baricho, Tiwi na Marere kule Shimba, havitoshelezi watu wake. Kwa hiyo maskini wa Kisauni na maskini wa Miasenyi ni ndugu wa foleni moja, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Ninamshukuru kwa kunirudi. Hata hivyo hoja yake inaipa nguvu yangu: ikiwa urahisi huu haumfikii hata mkazi wa mji, basi ile kauli kwamba mji umejitengenezea wenyewe haina mguu wa kusimamia upande wowote.

Kuna pingamizi nyingine, ya kihandisi, ambayo siwezi kuipuuza. Husemwa kwamba bomba kuu haliwezi kutobolewa kila mahali, kwa sababu kila tundu hupunguza kani ya maji na hatimaye anayengoja mwisho wa njia hapati kitu. Sikusomea uhandisi, na ninakubali kwamba bomba linalotobolewa ovyo ni hasara kwa wote. Lakini kutoboa ovyo ni jambo moja, na kupanga mgao ni jambo jingine. Watu wachache waliotawanyika kandokando ya njia hawawezi kunywa lita milioni 35. Kinachotakiwa ni matangi machache, viungo vilivyopangwa, na ratiba inayoheshimiwa. Viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai mgao wa haki wa maji ya Mzima kwa miaka mingi, na mpango wa bomba la pili umetajwa na kutajwa tena. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kumtosha. Haikuandika "kila mtu aliye mwisho wa bomba."

Ajabu ni kwamba upo urahisi mmoja wa mjini uliofika Miasenyi mapema na bila kupungua, nao ni rununu. M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007 haikuchukua muda mrefu kabla ya kuwa na kibanda chake barabarani kwetu. Leo mama hutumiwa pesa nikiwa darasani, na zikamfikia kabla mhadhiri hajamaliza sentensi. Huduma anayoipata pale ni ileile anayoipata mtu wa Nairobi. Kwa nini mnara wa simu ulituona na bomba halikutuona? Nimelifikiria swali hili sana. Naona sababu ni kwamba mnara ulitujia tukiwa wanunuzi. Kila mmoja wetu alikuwa na shilingi ishirini za kununulia kadi, na shilingi ishirini za watu wengi ni mali. Bomba lilipolazwa hakuna aliyetuona kuwa wanunuzi, wala raia. Tulikuwa nyika. Nchi ilichorwa ikiwa na ncha mbili, chemchemi na mji, na katikati pakaachwa peupe.

Nisingependa msomaji aelewe kwamba dawa, basi, ni kila kitu kiuzwe. Maji hayakai sawa na salio la simu. Mtu asipokuwa na salio atanyamaza, asipokuwa na maji atakufa. Nasema tu kwamba peupe pale katikati pamewahi kujazwa, tena kwa haraka, pale aliyekuwa na haja alipoona kuna watu.

Kuhusu reli mpya sina malalamiko makubwa, na pengine hapa nitawaudhi wanakijiji wenzangu. Ilipokuwa ikijengwa nilikuwa shule ya msingi. Vijana wetu walipata vibarua, vibanda vya chai vikaongezeka, kisha kazi ikaisha na vibanda vikafungwa. Watu walisikitika, lakini vibarua vya ujenzi ndivyo vilivyo. Kilichobaki ni kituo, na garimoshi la kaunti hutusimamia. La haraka hutupita likivuma, nasi hulitazama kama watu wa zamani walivyoitazama meli. Naam, siku nilipougua nikiwa likizoni, garimoshi lile ndilo lililonifikisha Mombasa nimelala kwenye kiti badala ya kutikisika ndani ya matatu. Hapo mfereji ulitobolewa, kwa lugha ya wahandisi, na safari ya Mombasa hadi Nairobi haikuharibika. Inachelewa dakika chache tu. Kama dakika zinaweza kugawiwa walio njiani, kwa nini lita zisiweze?

Hata hewa yetu, nisisahau, imekwisha kupata soko. Katika misitu ya Rukinga na Kasigau, si mbali na kwetu, upo mradi wa kuhifadhi miti ili ihifadhi hewa ya ukaa, uliothibitishwa mwaka 2011, na mashirika ya mbali yanayochafua anga hulipia miti hiyo iendelee kusimama. Kwa hiyo mtu aliye katika ofisi yenye kiyoyozi huko ng'ambo huenda anapumzisha dhamiri yake kwa mgunga uliosimama Taita Taveta. Mgunga ule nao unataka maji.

Nije sasa kwetu sisi wa lugha, kwani baadhi watauliza makala ya mabomba yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Yanatafuta makosa yetu. Mada ile ya mjadala tumeirithi kizazi kwa kizazi, na imetufunza kuigawa nchi vipande viwili vinavyoshindana: mji wenye raha na uozo, shamba lenye dhiki na utu. Insha zetu ziko hivyo. Riwaya nyingi ziko hivyo: msichana anapanda basi katika sura ya tatu, na sura ya nne inamkuta mjini, ameshapotoka. Safari yenyewe haina hata ukurasa. Ziko riwaya chache zinazoiheshimu njia. Kongowea wa Siku Njema ya Ken Walibora anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake, na sehemu kubwa ya tunachokipenda katika kitabu hicho imo njiani. Lakini kwa jumla tumezoea kuruka. Tukishazoea kuruka katika insha, si vigumu kuruka katika bajeti, kwa kuwa mhandisi, karani na waziri wote walipita katika madarasa haya ya insha kabla ya kwenda kwingine.

Mji na shamba havishindani. Vimeunganishwa kwa bomba, na swali la maana ni nani anakunywa wapi. Mjini maji ya Mzima huosha magari, humwagilia nyasi za hoteli na kujaza mabwawa ya kuogelea, na mimi sipingi hoteli, kwani binamu zangu wawili wameajiriwa humo. Ninachopinga ni utaratibu ambao nyasi ya pwani hunywa kabla ya mtoto aliyezaliwa juu ya bomba. Utaratibu huo haukutoka kwa Mungu wala kwa mwinamo wa nchi. Ulipangwa mezani na watu, katika enzi ambayo hatukuwa na sauti mezani hapo. Tumejipatia uhuru mwaka 1963 na katiba mpya mwaka 2010, na meza ni yetu.

Nimemwandikia katibu wa mijadala kumwomba kwamba mada ile ya mjini na mashambani ipumzishwe. Nimependekeza nyingine mahali pake: "Maji ya Mzima yanywewe kwanza na walio njiani." Nitasimama upande wa kuunga mkono. Mwenzangu aliyenishinda amekubali kupinga, ila ametoa sharti moja, kwamba kabla ya siku ya mjadala tusafiri naye kwa garimoshi la kaunti, tushuke Miasenyi, na abebe mtungi mmoja kutoka silangani hadi kwetu. Mama ameshaarifiwa. Amesema mgeni aje na mtungi wake.